Historia ya Afya ya Kijana: Kutoka Kumbukumbu za Nyumbani hadi Meza ya Daktari wa Jeshi

Vijana wengi wa Tanzania wanaomaliza masomo ya sekondari hutamani kulitumikia taifa katika vyombo vya ulinzi. Wapo wanaoingia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya lazima ya jeshi hilo kwa wasomi yalisimamishwa mwaka 1994, na yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Wapo pia wanaotazama mbali zaidi, kwenye Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kuhamia Monduli mwaka 1976, ambako maofisa wa Jeshi la Wananchi hufundishwa. Njia zote hizo hupitia mlango mmoja: uchunguzi wa afya.

Kijana hujiandaa kwa mlango huo kwa kukimbia alfajiri na kunyoosha viungo. Hiyo ni sehemu moja tu ya maandalizi. Sehemu ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni maandishi. Daktari wa uchunguzi humwona kijana kwa muda mfupi. Anaweza kupima kimo, uzito, macho, mapigo ya moyo na damu ya siku ile. Hawezi kuiona miaka kumi na minane iliyopita. Kwa miaka hiyo hana budi kutegemea anachoambiwa. Endapo anachoambiwa si sahihi, makosa mawili yanaweza kutokea: kijana mwenye afya njema kukataliwa kwa sababu ya neno moja lililotumiwa vibaya, au kijana mwenye hatari iliyojificha kupelekwa kwenye mazoezi yanayoweza kumwua.

Makala haya yanaeleza namna historia ya afya inavyokusanywa, kupimwa na kuandikwa, kwa kufuata kanuni zilezile zinazotawala ushahidi wowote wa kisayansi.

Uchunguzi wa jeshi na utoto wa taifa

Uhusiano kati ya afya ya utotoni na uwezo wa askari si jambo jipya. Wakati wa Vita vya Makaburu, kati ya 1899 na 1902, Uingereza ilishtuka kuona kwamba vijana wengi wa miji ya viwanda waliojitolea kujiunga na jeshi walikataliwa na madaktari. Kamati ya serikali iliyotoa taarifa yake mwaka 1904 ilionyesha kwamba kasoro nyingi zilitokana na lishe duni, makazi mabaya na maradhi ya utotoni yasiyotibiwa. Matokeo yake yalikuwa sheria ya mwaka 1906 iliyoruhusu watoto kupewa chakula shuleni, na ile ya mwaka 1907 iliyoanzisha uchunguzi wa afya kwa wanafunzi.

Funzo lake ni hili: mwili unaosimama mbele ya daktari wa jeshi umejengwa tangu tumboni mwa mama. Kwa hiyo historia ya afya haianzi siku ya kujaza fomu. Huanzia kwenye kadi ya kliniki.

Kijana wa Mshangano

Mshangano ni kata iliyo ndani ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Chukuliwe mfano wa kijana wa miaka 17 anayeishi huko. Chanjo zake alizipata kwenye zahanati. Nimonia alitibiwa katika hospitali ya misheni ya Peramiho, kiasi cha kilomita 24 kutoka Songea mjini. Mkono uliovunjika ulifungwa plasta katika hospitali ya mkoa. Mwaka mmoja alikaa kwa bibi yake upande wa Namtumbo, akashikwa na homa kali na mtukutiko wa mwili. Huko hakuna karatasi yoyote iliyobaki isipokuwa kumbukumbu ya bibi.

Hali kama hiyo ni ya kawaida. Historia ya afya ya kijana imetawanyika katika vituo vinne au vitano, kwenye madaftari yaliyochakaa, na vichwani mwa watu wazima. Kazi ya kwanza ni kuikusanya. Kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuipima.

Maneno ya nyumbani na majina ya magonjwa

Lugha ya nyumbani hueleza dalili kwa ufasaha, lakini haitaji ugonjwa kwa namna ya kitabibu. Maneno matatu yanatosha kuonyesha jambo hilo.

La kwanza ni malaria. Kwa miaka mingi karibu kila homa iliitwa malaria. Utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulichunguza wagonjwa waliolazwa kwa kudhaniwa kuwa na malaria kali. Kati ya wagonjwa 4,474 ambao damu yao ilipimwa kwa hadubini kwa makini, 2,062 tu, yaani asilimia 46, ndio waliokutwa na vimelea. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Hivyo basi, mama anaposema, "Mwanangu aliugua malaria mara ishirini," kilicho hakika ni kwamba aliugua homa mara nyingi. Huenda baadhi ya homa hizo zilitokana na mkojo wenye vijidudu, mafindofindo, au ugonjwa mwingine ambao daktari angependa kuufahamu.

La pili ni degedege. Neno hili hutaja mtukutiko wa mtoto mwenye homa. Katika jamii nyingi za Tanzania degedege limehusishwa na pepo au ndege, na utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi imani hizo zilivyowafanya wazazi wengi kuanza kwa mganga kabla ya kufika hospitali. Kitabibu, mtukutiko wa homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Ule wa kawaida hutikisa mwili mzima, hudumu chini ya dakika 15, na haurudi ndani ya saa 24. Walio wengi miongoni mwa watoto hao hukua bila kupata kifafa kamwe.

Kifafa ni jambo jingine. Ni hali ya ubongo inayoleta mtukutiko au kupotewa na fahamu mara kwa mara bila homa. Katika Tanzania ugonjwa huo una historia ndefu ya kitaaluma: mnamo mwaka 1960 Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika milima iliyo kaskazini ya Ruvuma, baada ya kukuta wagonjwa wengi waliotengwa na jamaa zao. Baadaye tafiti zilionyesha uhusiano kati ya kifafa na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wadogo wazaao katika mito iendayo kasi. Mahenge na Ruvuma ni miongoni mwa sehemu za nchi zilizosumbuliwa na usubi. Kwa hiyo kijana wa Songea aliyewahi kutukutika ana sababu maalumu ya kueleza habari zake kwa usahihi: alikuwa na umri gani, alikuwa na homa au la, ilidumu muda gani, ilirudi mara ngapi, na lini ilikuwa mara ya mwisho. Kijana aliyepata degedege mara moja akiwa na miaka miwili akiandikiwa neno "kifafa", amedhulumiwa. Kijana aliyeanguka bila homa akiwa na miaka kumi na mitano, kisha akaandikiwa "degedege la utotoni", yumo hatarini, naye anawahatarisha wenzake siku atakaposhika silaha yenye risasi au atakapovuka mto.

La tatu ni kifua. "Huyu ana kifua" huweza kumaanisha pumu, kifua kikuu, nimonia, au kikohozi cha moshi wa kuni. Kila kimoja kina maana yake kwa daktari. Kifua kikuu kilichotibiwa kikamilifu, aghalabu kwa muda wa miezi sita, huacha kadi ya matibabu na matokeo ya makohozi. Hati hizo zitafutwe. Pumu huhitaji maelezo ya shambulio la mwisho, vitu vinavyoiamsha, na dawa zinazotumika. Watoto wengi waliokuwa wakikoroma kifuani wakiwa wadogo hupona wanapokua, lakini wapo ambao mirija yao ya hewa hubana wanapokimbia. Tofauti hiyo haiwezi kuamuliwa kwa maneno. Hupimwa kwa chombo kinachoonyesha nguvu ya pumzi kabla na baada ya zoezi, au kabla na baada ya dawa ya kupanua mirija.

Somo la damu: selimundu

Hakuna mfano unaoonyesha thamani ya historia ya familia kuliko selimundu. Himoglobini, rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, hutengenezwa kwa maagizo ya jeni mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye jeni mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye mbili zenye kasoro huandikwa SS, naye ni mgonjwa wa selimundu. Mwenye moja ya kila aina, AS, si mgonjwa; ni mbebaji. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini jeni hiyo haikutoweka katika nchi zetu: mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika sehemu mbalimbali za Afrika ya ikweta wabebaji ni kati ya asilimia 10 na 40 ya watu.

Kijana mwenye AS anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Lakini anapokimbia mbio ndefu juani, akiwa na upungufu wa maji mwilini, oksijeni hupungua katika misuli, damu huwa na asidi zaidi, na baadhi ya seli zake nyekundu huweza kujikunja kama mundu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1987 ulichunguza vifo vya wanajeshi wapya wapatao milioni 2 waliopata mafunzo ya awali kati ya 1977 na 1981. Miongoni mwa weusi wenye AS, vifo vya ghafula visivyo na sababu nyingine vilikuwa 32.2 kwa kila watu 100,000. Miongoni mwa weusi wasio na jeni hiyo vilikuwa 1.2.

Tarakimu hizo zingeweza kufanya watu wafikiri kwamba kila mbebaji azuiwe. Lakini sayansi haikuishia hapo. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwachunguza askari weusi 47,944 katika jeshi ambalo sasa lilikuwa na kanuni za kunywa maji, kupumzika na kujikinga na joto kwa askari wote. Safari hii wabebaji hawakuonekana kufa zaidi ya wenzao. Kilichobaki ni hatari iliyozidi kwa asilimia 54 ya misuli kuharibika kutokana na mazoezi makali. Kilichookoa maisha, kwa hiyo, hakikuwa kuwafukuza wabebaji, bali ni maarifa na tahadhari.

Walimu wa biolojia wanaweza kuona jinsi historia ya familia inavyofanya kazi hapa. Chukuliwe kijana mwenye afya ambaye dada yake ana SS, na wazazi wao wote wawili ni wabebaji. Watoto wa wazazi hao hutarajiwa kugawanyika hivi: robo AA, nusu AS, na robo SS. Kwa kuwa kijana si mgonjwa, fungu la SS linaondolewa. Katika mafungu matatu yanayobaki, mawili ni AS. Uwezekano wake wa kuwa mbebaji ni 2/3. Swali moja kwa mama, "Je, yupo ndugu mwenye selimundu?", limemwongoza daktari kwenye kipimo anachopaswa kukifanya.

Namna ya kuandaa taarifa

Maandalizi yaanze mapema, ikiwezekana miezi sita kabla ya uchunguzi, ili upungufu utakaoonekana uweze kutibiwa.

Hatua ya kwanza ni kukusanya hati: kadi ya kliniki ya utotoni, madaftari ya zahanati, picha za eksirei, karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali, na vyeti vya chanjo. Kadi ya kliniki ina thamani kubwa, kwani mstari wa uzito huonyesha vipindi ambavyo mtoto aliacha kukua. Kovu la chanjo ya kifua kikuu begani ni dalili ya chanjo, lakini halithibitishi kwamba mtu hawezi kupata ugonjwa huo.

Hatua ya pili ni kuwahoji wazee kwa adabu na kwa utaratibu. Maswali yasiwe ya kumtia mtu jibu mdomoni. Badala ya kuuliza, "Bibi, nilikuwa na pumu, sivyo?", kijana aulize, "Bibi, nilipokuwa nakohoa, nilikuwaje?" Wazee wengi hukumbuka majira kuliko tarehe: mvua za kwanza, mavuno ya mahindi, mwaka wa kuingia darasa la kwanza. Majira hayo yageuzwe kuwa mwezi na mwaka kwa kadiri inavyowezekana, na iandikwe wazi kwamba ni makisio.

Hatua ya tatu ni kwenda kwenye vituo alikotibiwa na kuomba muhtasari wa matibabu. Kijana asiyetimiza miaka 18 afuatane na mzazi au mlezi.

Hatua ya nne ni kuandika jedwali lenye safu tano: tukio, umri au tarehe, matibabu, hali ya sasa, na chanzo cha habari. Safu ya mwisho ndiyo roho ya taarifa nzima. Herufi N iwekwe kwa habari iliyotoka nyumbani tu, H kwa habari yenye hati, na P kwa habari iliyothibitishwa kwa kipimo. Mathalani: "Mtukutiko wa mwili pamoja na homa, mara moja, miaka 2, makisio, mganga, kisha zahanati, haukurudi, N." Daktari anayesoma mstari huo anajua papo hapo kilicho hakika na kinachohitaji kuulizwa zaidi.

Jedwali lisisahau upasuaji, mifupa iliyovunjika, kuzimia, maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, dawa zinazotumika, na mzio. Mzio wa dawa za jamii ya salfa au penisilini uandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu kambini kijana huweza kutibiwa na mtu asiyemfahamu. Katika historia ya familia vitajwe vifo vya ghafula vya vijana, kisukari, shinikizo la damu, kifafa na selimundu. Maumivu ya viungo yanayohamahama baada ya mafindofindo nayo yatajwe, kwani huweza kuwa dalili ya homa inayoharibu vali za moyo.

Vipimo vinavyofaa kufanywa mapema

Jicho huonwa kuwa zima hadi linapopimwa. Kijana asomewe ubao wa herufi kwa kila jicho peke yake. Upofu wa rangi, unaowapata wavulana zaidi kwa kuwa jeni yake hukaa kwenye kromosomu ya X, hupimwa kwa kurasa za madoa ya rangi zilizotungwa na Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, na kuchapishwa mwaka 1917 kwa ajili ya kuwachunguza wanajeshi. Kasoro hiyo haitibiki. Lakini ni afadhali kijana aijue akiwa Songea kuliko kuigundua siku ya usaili.

Sikio linalotoa usaha, jino lililooza na ngiri huweza kutibiwa. Himoglobini ya msichana asiye mjamzito isipungue gramu 12 kwa desilita, na ya mvulana aliyefika miaka 15 gramu 13. Chini ya hapo ni upungufu wa damu, ambao chanzo chake hutafutwa. Mkojo upimwe kwa damu, protini na sukari. Damu katika mkojo wa kijana huweza kuwa dalili ya kichocho. Shinikizo la damu lililopanda mara moja kwa sababu ya hofu lisihesabiwe kuwa ugonjwa: lipimwe tena siku nyingine, baada ya mapumziko.

Kuficha na kusema kweli

Yapo mashauri mabaya yanayotolewa mitaani: usiseme ulikuwa na pumu, acha dawa wiki moja kabla, mtume mwenzio akutolee mkojo. Hoja yake ni kwamba kijana akisema kweli atakosa nafasi. Inafaa hoja hiyo ijibiwe bila hasira, kwa kuwa anayeitoa mara nyingi ni mzazi anayempenda mwanawe, naye anajua nafasi ni chache.

Ni kweli kwamba yapo maradhi yatakayomzuia kijana kuingia jeshini. Uamuzi huo ni wa chombo kinachoajiri, kwa vigezo vyake chenyewe, nao hauwezi kuondolewa na karatasi iliyoandikwa vizuri. Lakini ugonjwa uliofichwa hauondoki. Husubiri kilomita ya kumi ya mbio, usiku wa baridi, au kituo cha mafunzo kilicho mbali na hospitali. Na wakati huo waganga wa kambi watakuwa wakitibu mtu ambaye hawajui habari zake. Aidha, kijana aliyegundulika kuwa amedanganya hupoteza jambo ambalo ofisa hawezi kufanya kazi bila ya kuwa nalo, yaani kuaminiwa.

Kwa upande mwingine, ukweli haumaanishi kutangaza. Habari za afya ni za siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu kuwa taarifa nyeti. Taarifa ya kijana ni kwa daktari. Si kwa jirani, wala si ya kusomwa mbele ya darasa.

Nalo lipo fungu la faida lisilotegemea jeshi. Kijana atakayekataliwa, lakini mkononi mwake akabaki na jedwali kamili, jina sahihi la ugonjwa wake na matibabu yaliyoanza mapema, hajatoka mikono mitupu. Jedwali hilohilo litamfaa chuoni, kazini, na siku atakapokuwa mzazi.

Zoezi kwa darasa

Wanafunzi wasiulizwe magonjwa yao wenyewe. Mwalimu atunge kijana wa kubuni, na wanafunzi wafanye yafuatayo:

1. Waandike jedwali la safu tano kutokana na maelezo haya ya mama: "Alikuwa na kifua tangu mdogo, malaria haikumwacha, na mwaka aliokuwa darasa la pili alianguka shuleni." Kila mstari utiwe alama N, H au P.

2. Wataje maswali matatu ambayo daktari angeyauliza kuhusu neno "alianguka", na waeleze kila jibu lingeelekeza wapi.

3. Baba ni AS na mama ni AA. Wapige hesabu ya uwezekano wa mtoto wao kuwa mbebaji, kisha waeleze kwa nini mtoto huyo hawezi kupata ugonjwa wa SS kutoka kwa wazazi hao.

4. Wajadili tofauti kati ya tafiti za mwaka 1987 na 2016: ni badiliko gani katika mazoezi linaloweza kueleza tofauti ya matokeo, na ni ushahidi gani zaidi ungehitajika ili kulithibitisha?